Bando la usiku

Saa sita kasoro dakika tano usiku, chumba chetu ndiyo kilikuwa kinaamka. Alamu ya mmoja inalia chini ya mto, ya pili inaitikia kutoka kitanda cha juu, kisha unasikia mtu anapapasa ukutani akitafuta waya wa chaji. Hakuna anayewasha taa. Vioo vya simu vinawaka kimoja baada ya kingine, nyuso zinachomoza gizani zimevimba usingizi, vidole vinabonyeza nyota, namba, reli. Ikigonga saa sita kamili meseji inaingia: kifurushi chako kipo tayari, kitaisha saa kumi na mbili asubuhi.

Kwa pesa ya chai na chapati mbili tulikuwa tunapata GB ambazo mchana zingetulaza njaa. Mwanafunzi ambaye boom lake, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, limekata hahitaji kuelezwa hesabu hiyo mara mbili. Tulilala saa tatu kama kuku, tukaamka saa sita, tukaperuzi mpaka adhana ya alfajiri, halafu tukajikokota kwenda kipindi cha saa moja huku tumefunga vilemba ili nywele zisitusemee. Nikisikia watu wazima wanasema vijana wa vyuo wamelogwa na simu, huwa natamani kuwaonyesha bei za vifurushi za mchana na za usiku, zimewekwa bega kwa bega. Mimi nilianza kukesha kwa sababu ya bei. Hayo mengine yalinikuta humohumo ndani ya usiku.

Na nilianza kwa nia njema kabisa. Nilikuwa mwaka wa pili, nasoma takwimu, na kulikuwa na Mhindi mmoja wa YouTube aliyekuwa anafundisha nadharia ya uwezekano vizuri kuliko nilivyokuwa naelewa darasani. Usiku nilishusha video zake, mchana nikaziangalia kwenye vimbweta bila bando. Nyimbo vilevile. Simu yangu ilikuwa Tecno, ilikuja na Boomplay tangu dukani, nikawa nasevu za kutosha siku mbili tatu. Ukiniuliza wakati huo ningekwambia nina nidhamu.

Chumba chetu sasa. Kilijengwa kwa ajili ya watu wanne: dabodeka mbili, makabati manne, dirisha moja linalotazama kamba za kuanikia nguo. Tulikuwa saba. Watatu walikuwa wamebebwa, yaani hawakupangiwa kitanda na walilala kwenye cha mwenzao, na mmoja wao nilikuwa nimembeba mimi, tukilala mzungu wa nne, miguu yake begani kwangu. Sisemi hivyo kwa kulalamika, tulicheka sana humo ndani, na hata leo nikiumwa wa kwanza kujua ni wao. Ila kwenye chumba cha watu saba huna mahali pa kulia. Huna hata mahali pa kununa. Ukinyamaza dakika kumi mtu anakuuliza, "Vipi, nani kakuudhi?"

Ndiyo maana hedifoni zilikuwa mali. Zangu nilizinunua Kariakoo kwa shilingi elfu mbili, zile nyeupe za waya zinazofungwa kwenye kikaratasi cha nailoni, na sikio la kushoto lilikufa kabla mwezi haujaisha. Nikagundua kwamba ukiukunja waya karibu na kichomeo, ukauelekeza juu kidogo, sikio linafufuka. Nikaufunga selotepu. Selotepu ikalegea. Mwisho nikawa nalala nimeushika huo mkunjo kwa kidole gumba na cha shahada, na usingizi ukinipitia kidole kinaachia, kushoto kunakatika, nashtuka, nakunja tena. Ukizivaa, hakuna anayekusemesha. Ulikuwa mlango pekee niliomiliki pale chuoni.

Mwezi wa nne matokeo ya muhula wa kwanza yakatoka. Nadharia ya uwezekano: E. Sapu, yaani nimefeli na mtihani nitaurudia.

Chumbani watu walicheka. Wawili walikuwa na zao, mmoja akasema sapu ni kama tetekuwanga, kila mtu anaumwa mara moja. Nikacheka nao. Lakini mkopo wangu haukuwa wa asilimia mia, na ile ada iliyobaki mama aliilipa kwa magunia ya alizeti, na mimi nilikuwa nayajua yale magunia moja moja kwa sababu niliyashona mwenyewe kwa sindano na kamba. Jumapili alipiga kama kawaida.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Shule vipi?"

"Nzuri tu mama, tunaendelea vizuri."

Nilisema hivyo Jumapili ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Kufikia ya nne uongo wenyewe ulikuwa umeota mizizi: nilishamwambia mpaka jina la somo ninaloongoza.

Kuanzia hapo bando la usiku likabadilika kazi. Yule Mhindi sikumfungua tena, maana sauti yake tu ilinikumbusha ile E. Nikawa naangalia chochote. Watu wanaosafisha mazulia yaliyookotwa mtoni mpaka maua yake yanaonekana. Mwanamke wa Lagos anapika supu ya bamia. Ugomvi wa wasanii ambao hata nyimbo zao sizijui. Kidole kinasukuma, inakuja nyingine, kinasukuma, inakuja nyingine. Huo utaratibu wa ukurasa usiofika mwisho aliubuni kijana mmoja Mmarekani, Aza Raskin, mwaka 2006, na baadaye amesema hadharani kwamba anaujutia. Zamani hata kanda ya baba ikifika mwisho ilifanya *tak*, na mtu akalazimika kuinuka kuigeuza. Kwenye kile kuinuka unaweza ukakumbuka kuna maji jikoni yanachemka, au kwamba umechoka.

Nikichoka macho, nilifunga kioo nikabaki na muziki. Wimbo mmoja. Siutaji, aliyeuimba hana kosa lolote, na ni wimbo mzuri. Ni ile Bongo Fleva ya taratibu, gitaa, sauti ya mtu anayemwomba mwenzake arudi. Mimi sikuwa nimeachwa na mtu, ila ule unyonge wa sauti ulinikaa kama gauni langu mwenyewe. Niliuweka ujirudie. Nilipolala ulikuwa unaimba, na nilipoamka ulikuwa unaimba.

Mwezi wa tano nilifungua ile sehemu ya simu inayokuhesabia muda. Simu za Android na iPhone zote zilianza kuwekewa hesabu hiyo mwaka 2018, lakini sikuwahi kuigusa. Yangu iliniambia saa tisa na dakika ishirini kwa siku. Nikaanza kutafuta makala za kitaalamu za kunitetea. Wengine wangeenda kuungama.

Na utetezi niliupata. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Oxford walichapisha uchambuzi wa takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wa Marekani na Uingereza, wakaonyesha kwamba matumizi ya vyombo vya kidijitali hayaelezi zaidi ya asilimia 0.4 ya mtawanyiko wa hali njema ya vijana hao, yaani ya tofauti iliyopo kati ya kijana na kijana. Wakalinganisha na mambo mengine yaliyokuwemo kwenye data hizohizo. Kula viazi kulikuwa na uhusiano unaokaribiana na huo. Viazi! Nililirusha kwenye grupu la chumba saa nane za usiku na maneno, "Wapelekeeni wazazi wenu." Mmoja akajibu, "Basi chipsi mayai za pale getini ndizo zinazotuua."

Ni kazi safi ile, na mpaka leo naitetea mbele ya anayesema simu peke yake imeharibu kizazi kizima. Lakini mtu wa takwimu aliyepata E ana desturi ya kusoma jibu kabla ya swali. Walichouliza ni kuhusu vijana wote kwa pamoja, muda wote kwa pamoja: anayechati na bibi yake na anayeangalia mazulia saa tisa usiku wamo kwenye rundo moja. Kwenye jedwali lao hakuna safu ya anayelala saa tatu ili aamke saa sita, wala ya aliyelala mzungu wa nne, wala ya anayemdanganya mama yake kila Jumapili. Uhusiano mdogo kwa watu laki tatu na nusu haukuwa unaniambia chochote kuhusu mtu mmoja wa kitanda cha chini.

Nikahamia kwenye mwanga. Kila mtu anajua hadithi ya mwanga wa bluu, kwamba kioo kinaichelewesha melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa giza limeingia. Ni kweli inaichelewesha. Jaribio linalotajwa sana lilifanyika kwenye hospitali moja ya Boston na kuchapishwa mwaka 2015: watu 12, jioni tano wanasoma kwenye iPad saa nne nzima kabla ya kulala, jioni tano nyingine wanasoma kitabu cha karatasi. Wa iPad walichelewa kushikwa na usingizi kwa takriban dakika kumi. Niliisoma hiyo namba mara mbili. Dakika kumi! Mimi nilikuwa napoteza saa tano, sita. Nilikuwa nimeshaweka rangi ya njano kwenye kioo kwa ajili ya kulinda usingizi, kama mtu anayefunga dirisha wakati mlango uko wazi.

Iliyoniuma ni ya tatu, na sikuitafuta, nilikutana nayo tu. Mwaka 2021 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, waliandika kuhusu muziki wa kabla ya kulala na nyimbo zinazoganda kichwani. Waliona kwamba ubongo unaweza kuendelea kuuchakata wimbo hata mtu akiwa amelala, na kwamba wanaogandwa na nyimbo usiku mara kwa mara hulala vibaya zaidi. Halafu hili: nyimbo maarufu zikiondolewa maneno, zikabaki biti tupu, ziliganda kuliko zile zenye maneno. Sasa mimi, wiki mbili kabla, nilisoma ushauri wa mtu mtandaoni kwamba maneno ndiyo yanayosumbua usingizi. Nikautafuta wimbo wangu biti tupu, nikausevu. Na tangu hapo ndipo nilipoanza kushtuka saa kumi alfajiri, hedifoni ziko sakafuni, chumba kimya, na lile gitaa linaendelea ndani ya kichwa, na mimi ndiye ninayemalizia maneno.

(Masikio yenyewe tusiyaseme. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na ikifika 90 zibaki saa nne tu. Kusikiliza kwa muda wa saa sita kila usiku ni saa 42 kwa wiki kabla hujahesabu daladala. Kwa kuwa la kushoto lilikuwa linakatika, nililipandishia la kulia, nalo lilianza kulia *ngiii* hata nikiwa kwenye foleni ya kafeteria.)

Aliyenitoa humo ni yule niliyembeba. Usiku mmoja aligeuka, akaja upande wa kichwa changu, akachomoa sikio la kulia akalitia kwake. Akasikiliza kidogo.

"Ni huuhuu?"

"Upi?"

"Wa juzi. Na wa jana. Dada, wewe huumwi kweli?"

Nikamwambia alale. Asubuhi akaniambia nimsindikize akaprinti kazi ya kikundi, tukapita stesheneri, tukaipita, tukaenda mpaka nyuma ya zahanati ya chuo kwenye mlango ulioandikwa Ushauri Nasaha. Akasema, "Mimi nakusubiri hapa kwenye benchi, nina maandazi." Kama si yale maandazi nadhani ningerudi.

Ndani alikuwepo mama wa makamo, kajifunga kanga juu ya sketi kwa sababu feni lilikuwa linampiga miguu. Alinipa karatasi ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya kufanya mambo, usingizi, uchovu, kula, kujiona umefeli na kuwaangusha watu wako, na kadhalika, kila moja sifuri mpaka tatu. Wanaiita PHQ-9, na ipo ya Kiswahili. La tisa linauliza kama umewaza kuwa afadhali ufe au ujidhuru. Nililijibu sifuri, na ni kweli, lakini sikuliandika haraka kama mengine. Ukijikuta unajibu zaidi ya sifuri pale, usimalize makala hii kwanza, mwambie mtu.

Nilipata 14. Akasema hiyo ni sonona ya wastani, na kwamba karatasi haimtibu mtu, inafungua mazungumzo tu. Nikajitetea kwa zile tafiti zangu, nikamtolea mpaka viazi. Akacheka vizuri kabisa. Halafu akauliza, "Mara ya mwisho kukaa kimya dakika tano, ukiwa macho, ni lini?"

Sikukumbuka. Nilirudi nyuma mpaka Aprili sikukumbuka.

"Na nyumbani, nani anajua habari ya sapu?"

Hakuna.

"Basi tuanzie hapo. Simu ni mgeni tu kwenye hii nyumba."

Hata hivyo mgeni naye alipangiwa masharti: bando la usiku Ijumaa tu, simu ilale kabatini, na kama ni muziki basi uwe mchana, uwe kwenye spika ya chumba, wote tusikie. Hilo la spika niliona la ajabu. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Suvi Saarikallio wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Finland, na wenzake walitunga mwaka 2015 dodoso la maswali 13 la kutenganisha muziki unaomsaidia kijana na ule anaojizamishia, na wimbo mmoja unaweza kuwa pande zote mbili kutegemea mtu anaufanyia nini. Moja ya mambo wanayouliza ni kama unawasha muziki ili ujisikie nafuu ukaishia kujisikia vibaya zaidi. Ule wimbo wangu ulipopigwa kwenye spika kwa mara ya kwanza, mmoja aliuimba kwa sauti ya puani, mwingine akadakia kiitikio anachezesha mabega kama yuko kwenye singeli. Uliharibika kabisa. Sijaweza tena kuusikiliza kwa huzuni.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya, nisidanganye. Saa sita wenzangu wanaamka na mimi naamka nao kwa mazoea, nalala chali nasikiliza vidole vyao kwenye vioo. Mbwa wa walinzi. Mtu anakohoa chumba cha pili. Halafu ile E inaingia, inakaa kitandani, na sina cha kuifunika. Nilikuwa nasubiri kulipuka. Kilichokuja ni usingizi, si kila siku, lakini ulikuja.

Mwezi wa nane nikapanda basi Mbezi alfajiri, jioni nikawa Singida, kesho yake kijijini kwetu Iramba. Kule mtandao uko juu ya jabali. Ukitaka kupiga simu unavua ndala, unapanda, unasimama juu kama mtangaza vita. Siku ya kwanza nilipanda mara nne. Ya tatu sikupanda.

Mama alikuwa na redio yake ileile ya betri nne. Zikichoka anazitoa na kuzianika juani kwenye ungo, mchana kutwa, jioni zinapiga tena saa moja au mbili kabla ya kufa. Tulikuwa tumekaa mkekani tunavipiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, redio inasoma salamu, fulani wa Kiomboi anamsalimu fulani wa Nzega na kumwambia alipo hapo alipo atulie. Nikamwuliza mbona ule mwaka baba alipofariki redio ilikuwa haizimwi usiku. Nilikuwa kidato cha tano, nilirudi kwa mazishi, na nilikumbuka imebaki inakoroma mpaka asubuhi.

"Nyumba ilikuwa inanyamaza sana," alisema. "Nikisikia mtu anaongea, hata anatangaza bei ya mahindi, naona basi kuna mtu."

"Ukaachaje?"

"Betri ziliisha. Hela ya nyingine sikuwa nayo."

Akapiga vichwa viwili vitatu. Akaniangalia mikono, maana nilikuwa nimesimamisha fimbo. Kisha akanyoosha mkono, akaizima redio katikati ya salamu za watu.

"Haya, sema."

Nikasema. Sapu, E, lile somo ninaloongoza ambalo halipo, magunia, usiku, yule mama wa kanga. Nilisema yote hovyo bila mpangilio, na yeye hakunikatisha hata mara moja.

"Huo mtihani unarudiwa lini?"

"Mwezi wa tisa, mama."

"Tarehe?"

Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu, kisha akafungua kifuniko cha redio, akazitoa zile betri nne na kunikabidhi.

"Kazianike. Halafu leta daftari lako, unisomee hayo ya uwezekano nisikie ni nini."